Umeme wote wa gari unakatika ghafla kisha unarudi wenyewe: tuanzie wapi kutafuta?

Msomaji anauliza: “Gari langu ni dogo, la petroli, lina gia otomatiki na umri wa miaka 12. Mwezi uliopita nilizungusha ufunguo asubuhi, nikasikia ‘tik’ moja tu, kisha taa zote za dashibodi zikafa kana kwamba betri imeondolewa. Nilifungua boneti nikatikisatikisa nyaya bila kujua ninachokifanya, umeme ukarudi na gari likawaka. Fundi aliniwekea betri mpya. Wiki mbili baadaye, nikiwa barabarani, kila kitu kilizima kwa pamoja: injini, redio, taa, na hata nilipobonyeza swichi ya taa za tahadhari hazikuwaka. Baada ya kama dakika 20 umeme ulirudi wenyewe na gari likawaka kama kawaida. Sasa fundi anasema tubadilishe alteneta. Nikubali?”

Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza, alteneta ni kifaa ambacho ningekishuku mwisho kabisa, na ningekuomba usiinunue mpaka kipimo kiseme hivyo. Sababu yangu ni namna alteneta inavyokufa. Ikiacha kuzalisha umeme, gari haliachi kufanya kazi papo hapo, kwa kuwa betri hubeba mzigo wote peke yake kwa muda. Taa nyekundu yenye umbo la betri huwaka kwenye dashibodi, taa kubwa hufifia polepole, waipa huanza kujikokota, redio hukatakata, taa nyingine za onyo hujitokeza moja baada ya nyingine, na mwishoni injini hukosa umeme wa kutosha kwa plagi na pampu ya mafuta, ikazima. Safari hiyo ya kufa yaweza kuchukua dakika nyingi, wakati mwingine hata saa nzima wakati wa mchana. Zaidi ya hayo, betri iliyomalizwa hivyo hupata nafuu kidogo tu ikipumzishwa, na kwa kawaida nafuu hiyo haitoshi kuzungusha stata, ile mota inayoianzisha injini. Lako lilizima kwa mkupuo mmoja, na dakika 20 baadaye likawaka kwa nguvu zake zote, maana yake chaji ilikuwemo ndani ya betri muda wote. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuifikisha chaji hiyo kwenye vifaa.

Kuhusu njia hiyo, umenipa taarifa moja yenye thamani kubwa kuliko nyingine zote, huenda bila kukusudia, nayo ni kwamba taa za tahadhari hazikuwaka. Katika magari karibu yote, taa hizo hazipitii swichi ya ufunguo, kwa kuwa zimekusudiwa kuwaka hata gari likiwa limefungwa na ufunguo umo mfukoni mwa mwenye gari. Honi na taa za breki nazo mara nyingi hulishwa hivyo hivyo. Laiti dashibodi ingekufa na injini ikazima lakini taa za tahadhari zikaendelea kupepesa, ningekuambia uanze na swichi ya ufunguo, ambayo sehemu zake za kugusana huchakaa kwa miaka, hasa pale ufunguo unaponing’inia na kilo nzima ya funguo nyingine. Lakini kwa kuwa vilikufa vinavyopitia swichi na visivyopitia swichi, tatizo liko mahali ambapo umeme wa vyote hupita kwa pamoja. Mahali hapo ni pachache mno: vichwa viwili vya betri na vibano vyake, waya mnene wa chanya hadi kwenye sanduku la fyuzi, fyuzi kuu yenyewe, waya wa ethi unaotoka upande wa hasi kwenda kwenye bodi na injini, na ndani ya betri.

Pengine utauliza kwa nini injini izime kama kilichoachia ni kibano cha betri tu, ilhali alteneta bado inazunguka na kuzalisha. Ni swali la haki, na ni kweli kwamba baadhi ya magari huendelea kuunguruma. Hata hivyo betri haihifadhi umeme tu, bali pia hutuliza volti za mfumo mzima. Ikiondoka kwenye mzunguko ghafla, volti za alteneta hupanda na kushuka vibaya, kompyuta ya injini hushindwa kuzivumilia, na injini ikishazima hakuna tena chanzo chochote cha umeme. Kwa hiyo vichwa vya betri havijaondokana na tuhuma, ingawa fyuzi kuu na njia ya ethi zinastahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi.

Sasa ile “tik” ya asubuhi ya kwanza. Watu wengi huisikia na kuhukumu kuwa betri imekwisha, na ndivyo alivyofanya fundi wako. Tazama hesabu yake. Taa ndogo ya ndani ya gari yenye wati 5 hutumia chini ya nusu ampea. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200, na mwanzoni kabisa huvuta hata zaidi. Tuseme mahali fulani kwenye njia kuu pana muungano mbovu wenye ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, wa omu 0.1 tu, kiasi ambacho maltimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme, haiwezi kukipima kwa uhakika. Taa ndogo ikiwaka kupitia muungano huo, zitapotea takribani volti 0.04, na jicho halitaona tofauti yoyote. Stata ikijaribu kuvuta ampea 100 kupitia hapo hapo, volti 10 zingehitajika kwa ajili ya kuuvuka muungano tu, na zinabaki mbili na kitu kwa ajili ya gari zima. Hivyo sumaku ya stata inashika mara moja, tik, kisha kila kitu kinakufa. Wakati huohuo nguvu yote iliyopotea inageuka joto palepale penye kasoro, na kama zilikuwa zimebaki sehemu chache zinazogusana, huungua au kuachana kabisa. Ndiyo maana dashibodi haikurudi hata baada ya kuuachia ufunguo, na ndiyo maana kutikisatikisa kwako, ambako ulikuona kama bahati, kulisaidia. Barabarani ni jambo lile lile kwa njia nyingine: joto la chini ya boneti linatanua chuma, mtikisiko unasukuma, muungano unaachia, gari likipoa, chuma kinajirudi mahali pake na umeme unapita tena.

Anza na vichwa vya betri, na usiridhike kwa sababu tu betri ni mpya. Kuwekwa kwa betri mpya ni chanzo kimojawapo cha tatizo la namna hii. Vichwa vya betri havina unene mmoja: vile vinene huwa na takribani milimita 19.5 upande wa chanya na 17.9 upande wa hasi, na viko vyembamba vya takribani 14.7 na 13. Kibano kilichotengenezwa kwa kichwa kinene kikivalishwa kwenye kichembamba, nati hukazwa mpaka midomo miwili ya kibano ikakutana, fundi akaona imekaza, kumbe kichwa hicho cha madini ya risasi kimeshikwa upande mmoja tu. Jaribu kukizungusha kila kibano kwa mkono bila spana. Kikisogea hata kidogo, umekwisha kupata sababu ya kutosha, ingawa nakushauri uendelee kukagua kwa kuwa kasoro mbili huweza kuishi katika gari moja.

Unapofungua, ondoa ufunguo kwanza, vua pete na saa ya chuma, kisha tangulia kulegeza upande wa hasi. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Utaratibu huu una sababu yake, kwani spana ikiteleza kutoka kwenye chanya na kugusa bodi ilhali hasi bado imefungwa, mamia ya ampea hupita kwenye spana hiyo mkononi mwako. Vaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu unga mweupe au wa kijani unaouona hapo una mabaki ya asidi ya salfa. Uoshe kwa maji ya moto yenye bikaboneti ya soda, ile inayoumulia keki, kausha, kisha sugua kichwa na sehemu ya ndani ya kibano mpaka risasi ing’ae. Grisi hupakwa juu baada ya kukaza, si katikati kabla ya kukaza. Tazama pia pale waya unapoingia kwenye kibano, kwa maana mara nyingi kibano hung’aa ilhali nyuzi za shaba ndani ya ala ya plastiki zimekwisha kuwa unga wa kijani. Waya uliovimba karibu na kibano, au unaotoa mlio wa kukwaruza ukiukunja, haufai kusafishwa, unapaswa kubadilishwa.

Fyuzi kuu hukaa kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti, au juu ya kibano cha chanya chenyewe. Imeandikwa namba kubwa, aghalabu kati ya 80 na 140, na imefungwa kwa skrubu au nati, haichomolewi kwa vidole kama zile ndogo. Watu huitazama, wakaona haijakatika, wakaiacha. Itazame tena kwa tochi na kioo: inaweza kuwa na ufa mwembamba unaogusana ikiwa baridi na kuachana ikiwa na moto, au nati yake imelegea na plastiki inayoizunguka imegeuka kahawia kwa joto. Rangi hiyo ya kahawia ni ushahidi wa kutosha. Ikibidi kuibadilisha, weka ya ukubwa uleule. Kuweka kubwa zaidi, au kuunganisha kwa kipande cha waya ili ufike nyumbani, ni kuuondoa ulinzi pekee uliopo kati ya betri na moto wa nyaya.

Upande wa ethi ndio unaosahauliwa zaidi, labda kwa sababu hauna fyuzi wala jina la kutisha. Kutoka kichwa cha hasi, waya huenda kwenye bodi, na mwingine huenda kwenye injini au boksi la gia; kila ampea iliyotoka upande wa chanya lazima irudi kwa njia hiyo. Nakumbuka gari moja lililonisumbua siku mbili nzima: nilikuwa nimekwisha kubadilisha swichi ya ufunguo, kwa aibu yangu, kabla sijaona kwamba aliyenyoosha bodi baada ya ajali alipaka rangi mpya, kisha akafunga boliti ya ethi juu ya rangi hiyo. Boliti ilikuwa imekaza vizuri mno. Haikuwa inagusa chuma. Tangu siku hiyo huuliza kila gari lenye tatizo la umeme kama limewahi kupakwa rangi. Dalili nyingine ya ethi mbovu ni mambo ya ajabu: unawasha indiketa na taa nyingine inapepesa nayo, au mishale ya dashibodi inayumba ukiwasha feni.

Kuangalia kwa macho kuna mpaka wake, hivyo tuje kwenye kipimo. Unahitaji maltimita iliyowekwa kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu (DC), na mtu mmoja wa kukusaidia. Kwanza pima betri gari likiwa limelala saa kadhaa: volti 12.6 ni chaji kamili, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini ni betri inayodai kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa. Kisha msaidizi azungushe ufunguo huku ukitazama. Volti zisishuke chini ya 9.6 stata inapozunguka. Injini ikiwa inaunguruma, tarajia kati ya 13.8 na 14.7, ingawa magari ya karibuni yana alteneta inayoongozwa na kompyuta na huweza kushusha volti kwa makusudi betri ikishajaa, basi washa taa kubwa na feni kabla ya kusoma. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachoihukumu alteneta, na hakichukui hata dakika 5. Mwombe fundi akifanye mbele yako.

Kipimo chenye uzito kwa tatizo lako, hata hivyo, ni cha volti zinazopotea njiani, nacho hufanywa umeme ukiwa unapita. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Weka ncha moja ya maltimita juu ya risasi ya kichwa cha hasi chenyewe, si juu ya kibano, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Msaidizi azungushe stata kwa sekunde 5, zisizidi 10. Njia nzima ya ethi ikiwa salama, utasoma takribani volti 0.2 au pungufu, ukiona 0.5 na zaidi, kuna ukinzani mahali. Sasa fupisha safari: kutoka kichwa hadi kibano, kutoka kibano hadi mwisho wa waya, kutoka mwisho wa waya hadi kwenye bodi. Kati ya kichwa na kibano chake panapaswa kusomeka karibu na sifuri. Pale ambapo namba inaruka ghafla, weka kidole chako hapo, maana umeshalipata. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa hadi nati ya waya mnene kwenye sanduku la fyuzi, kisha kabla na baada ya fyuzi kuu, safari hii injini ikiwa imezimwa, ufunguo umewashwa, taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma vyote vikiwa kazini ili pawe na mzigo.

Msisitizo wangu juu ya mzigo unatokana na mtego mmoja ambao umewapotosha mafundi wengi. Maltimita ya kidijitali haivuti umeme wowote wa maana, hivyo waya ambao nyuzi zake zote zimekatika isipokuwa moja bado utaonyesha 12.6, safi kabisa, na fundi ataapa kwamba umeme unafika. Balbu ya taa kubwa ya wati 55, iliyounganishiwa nyaya mbili, ni mkweli zaidi kwa sababu inadai zaidi ya ampea 4. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzuri kwa kiasi hicho, na ikiwaka hafifu ilhali maltimita inasema 12.6, umekwisha kuuona uongo.

Inawezekana gari likawa zima siku utakayopima na kila namba ikatoka vizuri, kwa kuwa kasoro inayokuja na kwenda ina tabia hiyo. Basi weka maltimita ndani ya gari, na siku umeme ukikatika tena, mkiwa mahali salama pembeni mwa barabara, usiguse waya wowote kabla ya kupima. Najua kishawishi cha kutikisa, lakini kutikisa ndiko kulikokufutia ushahidi mara ya kwanza. Gusa risasi za vichwa viwili kwa ncha za maltimita, halafu vibano viwili. Ukisoma 12.6 kwenye vichwa na sifuri au namba inayoyumba kwenye vibano, ni vibano. Zikiwa 12.6 mahali pote pawili, shika ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi na upeleke nyekundu mbele hadi kila upande wa fyuzi kuu. Umeme ukifika hadi ng’ambo ya fyuzi, rudisha nyekundu kwenye kichwa cha chanya na uguse bodi kwa nyeusi. Usipopata 12, ethi ndiyo iliyokatika.

Kuna uwezekano mwingine, adimu lakini wenye hatari, kwamba vichwa vyenyewe vinaonyesha volti 12 na ukiwasha taa vinaanguka hadi 2 au 3. Hapo kiungo cha ndani kati ya seli sita za betri kimevunjika, na upya wa betri hauizuii kuwa na kasoro ya kiwandani. Usiendelee kulazimisha kuwasha gari la namna hiyo wala usiliazimie umeme kwa gari jingine, kwa maana cheche ndani ya betri yenye gesi ya hidrojeni huweza kuipasua na kukurushia asidi usoni.

Jambo jingine la kukataa ni lile la kuondoa kibano cha betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Desturi hiyo ilizaliwa zamani za magari yasiyo na kompyuta. Leo, kuiondoa betri ghafla huku alteneta ikichaji husababisha volti kupaa kwa muda mfupi hadi makumi kadhaa, na kompyuta ya injini au ya gia ikiungua utalipia gharama inayozidi bei ya alteneta uliyokuwa unabishania.

Mpaka kasoro ipatikane, epuka barabara za mwendo kasi na safari za usiku. Umeme ukikatika mkiwa mwendoni, usukani wenye msaada wa umeme utakuwa mzito ghafla lakini bado utageuka, basi ushike kwa mikono miwili. Breki zitabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, hivyo kanyaga mara moja kwa uthabiti na ushikilie, usipige pampu. Usizungushe ufunguo kurudi mwisho wala kuuchomoa kabla gari halijasimama kabisa, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Na kwa kuwa taa za tahadhari zitakuwa zimekufa pamoja na nyingine, pembetatu ya kuakisi mwanga iwe mahali unapoifikia upesi.

Fundi akishatengeneza, msirudishe boneti chini kabla ya kurudia kipimo kilekile cha volti zinazopotea, mahali palepale, na kuandika namba ya kabla na ya baada. Usishangae pia ikiwa kwa siku moja au mbili injini itaunguruma kwa kuyumba gari likiwa limesimama, gia zikabadilika kwa ukali kidogo, au kioo cha dirisha kikakataa kupanda chenyewe hadi mwisho. Betri ilipofunguliwa kompyuta zilipoteza baadhi ya vipimo zilivyokuwa zimejifunza na zinajifunza upya. Kioo hupandishwa kwa kubonyeza swichi mpaka kifike juu na kuishikilia hapo sekunde chache, au kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari lako.